Mhadhara mtupu, maswali katikati, darasa la kugeuza au vikundi vya kudumu: kozi yako ya bayolojia chuoni ichukue ipi?

Semista ikikaribia kuanza, walimu wa bayolojia wa vyuo, hasa wale waliobebeshwa kozi za mwaka wa kwanza zenye watu mia tatu, wanaulizana lile lile, nifundishe vipi ili waelewe wengi na sio wale wachache wa mbele tu. Mmoja atakwambia lekcha ni lekcha, we fundisha vizuri basi. Mwingine atasema achana na lekcha kabisa, gawa watu kwenye vikundi. Wa tatu anataka kila kitu kirekodiwe video alafu darasani watu waje kufanya maswali tu. Kila mmoja ana sababu zake, ila njia hizi hazilingani, na tofauti yake inaonekana zaidi kwa mwanafunzi ambaye hakuja na msingi mzuri kuliko kwa yule aliyekuja kaiva tayari.

Kwahiyo nazilinganisha njia nne za darasani, alafu maabara na mitihani, kwa vipimo viwili: je mwanafunzi anaielewa bayolojia yenyewe au anakariri majina, na je nani anaachwa nyuma. Hicho cha pili ndo huwa kinasahaulika na kwangu mi ndo kinachoamua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema kabisa, kinachobeba kozi ni muundo wake, yani mwanafunzi analazimika kufanya nini kabla ya kipindi, ndani ya kipindi na baada ya kipindi, jina la njia linakuja nyuma sana. Muundo ukilegea anayefaidi ni yule yule ambaye angefaulu hata wewe usingekuwepo.

Mhadhara mtupu

Tuanze na huu maana ndo wengi tumekuzwa nao. Faida zake ni za kweli, hauhitaji vifaa, unamaliza silabasi, na mwalimu mzuri anaweza kukuonyesha jinsi wanasayansi walivyofikiri, kwa mfano akianza na Griffith mwaka 1928 na bakteria wake wa nimonia, akaja kwa Avery na wenzake 1944, akamalizia na Hershey na Chase 1952, mpaka darasa zima linaona kwanini ilibidi watu wakubali kwamba DNA ndo inayobeba urithi na sio protini. Simulizi ya namna hiyo inataka mtu mmoja aongee na wengine wasikilize, hapo sina ubishi kabisa.

Shida yake ni kwamba mwanafunzi anatoka darasani anahisi kaelewa kumbe bado. Fundisha usanisinuru saa nzima, andika mlinganyo ubaoni, kila mtu aunakili, alafu uliza, mti mkubwa wenye tani kadhaa za mbao, uzito wote ule umetoka wapi? Utashangaa wangapi watakujibu umetoka kwenye udongo, na hao ni watu ambao muda mfupi uliopita wameandika hewa ya ukaa kwenye madaftari yao wenyewe. Van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, alishalipima hili zamani, alipanda mche wa ratili 5 kwenye chombo chenye udongo aliokuwa ameupima, akawa anamwagilia maji tu miaka 5, mti ukafika ratili 169 na udongo ukapungua kama wakia 2 tu, taarifa yake ikachapishwa 1648 akiwa ameshafariki. Na hata yeye akahitimisha kwamba uzito wote ni maji, hewa ikampita. Sasa kama aliyepima kwa mikono yake ilimpita, huyu aliyesikiliza tu kwa saa moja huku ananakili haraka haraka tunategemea aipate vipi?

Takwimu nazo zinasema hivyo hivyo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikusanya tafiti 225 za kozi za sayansi, hesabu na uhandisi, wakakuta kwenye madarasa ya mhadhara mtupu wastani wa waliofeli ulikuwa 33.8%, na kwenye madarasa ambayo wanafunzi wanashirikishwa ulikuwa 21.8%, na alama za mitihani nazo zilipanda kama 6%. Kwenye kozi ya watu mia tatu tofauti hiyo ni kama watu thelathini na sita, kila mmoja na ndoto yake ya udaktari au uuguzi au ualimu.

Nani anaachwa? Anayeachwa ni aliyetoka shule isiyokuwa na maabara, ni yule ambaye lugha ya kufundishia ni ya pili au ya tatu kwake, ni asiyesikia vizuri aliyekaa nyuma na mwalimu hataki kushika maikrofoni, ni yule wa kwanza kwenye ukoo wao kufika chuo ambaye hajui hata kwamba kuna watu wanasoma sura kabla ya kuja. Mhadhara unaonekana unamtendea kila mtu sawa lakini kiukweli unamlipa yule aliyekuja na vitu tayari.

Mhadhara wenye maswali katikati

Hapa unafundisha kama kawaida ila kila baada ya dakika kumi kumi na tano unasimama unaweka swali, kila mtu anafikiri peke yake kwanza, anapiga kura, anajadiliana na jirani, anapiga kura tena, alafu unaeleza kwanini majibu mengine sio. Eric Mazur aliianza hii Harvard mwaka 1991 kwenye fizikia, ikaenea mpaka bayolojia. Wapo waliokuwa wanasema ah, kura ya pili inapanda kwasababu wanaojua wanawaambia wasiojua, basi 2009 Michelle Smith na wenzake kwenye darasa la jenetikia Chuo Kikuu cha Colorado wakalipima, baada ya mjadala waliwapa wanafunzi swali jingine linalofanana, kila mtu peke yake, wakaona watu wameelewa kweli, na hata kwenye makundi ambayo inaonekana hakukuwa na aliyejua jibu mwanzoni bado uelewa ulipanda. Kuongea kwenyewe kunajenga uelewa, na kwangu mi huo ni utafiti mmoja mzuri sana.

Ila yote inasimama au kuanguka na ubora wa swali. Ukiuliza "mitokondria ni nini" umepoteza dakika tano za watu bure. Uliza hivi: bakteria walikuwa wanauawa na antibayotiki fulani, miaka ikapita sasa hawafi, ilikuwaje? A, walijizoesha taratibu mpaka wakazoea. B, walibadilisha jeni zao kwasababu walihitaji kuishi. C, wachache walikuwa na mutesheni, yani badiliko la jeni lililotokea tu, inayowalinda, hao wakabaki wakazaliana. D, antibayotiki iliisha nguvu yenyewe. Hapo utaona A na B zinavuna kura nyingi hata kwa watu waliopata alama za juu sekondari, na ndo sasa mjadala wa uteuzi asilia unaanza kweli. Au uliza seli yenye kromosomu 6, baada ya mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi (ule wa kutengeneza seli za uzazi) kila seli ina kromosomu ngapi na kromatidi, yani nyuzi pacha za kromosomu, ngapi (ni 3 na 6), watu wataanza kuchora wenyewe bila kuambiwa. Swali zuri ni lile ambalo jibu lisilo sahihi lina sababu inayoeleweka, na njia rahisi ya kuyapata ni kurudi kwenye karatasi za mitihani iliyopita ukachukua makosa yaliyojirudia ukayafanya kuwa machaguo.

Kura zenyewe zinapigwaje? Vifaa maalumu vya kubonyeza vipo, simu zipo, kadi za karatasi zenye herufi zipo. Kwa kujifunza sioni tofauti kubwa, kwa usawa ipo, maana simu inataka bando na chaji na mtandao usiokata. Kadi za herufi zinamtosha kila mtu, na nasema herufi makusudi, usitumie kadi nyekundu na kijani pekee maana kwenye jamii zenye asili ya Ulaya Kaskazini kama 8% ya wanaume hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na kwingine pia wapo, alafu wewe mwalimu wa bayolojia ndo unayefundisha kwamba jeni hizo ziko kwenye kromosomu X. Huo huo ushauri unaenda kwenye slaidi za picha za seli zenye rangi za kung'aa, tumia zambarau ya magenta na kijani badala ya nyekundu na kijani, haikugharimu kitu.

Alafu nani anaongea? Hapa naomba tukae kidogo. Mwaka 2014 Sarah Eddy na wenzake waliangalia madarasa makubwa 23 ya bayolojia ya utangulizi, wanawake walikuwa 60% ya wanafunzi lakini sauti zao zilikuwa chini ya 40% ya zile zinazosikika zikijibu maswali ya mwalimu mbele ya darasa. Hakuna aliyewakataza, ni mfumo tu wa "nani anajua, nyosha mkono" ndo unafanya kazi yake kimya kimya. Kwenye kunyosha mikono anashinda mwepesi na asiyeogopa, na darasa zima linaaminishwa kwamba hao ndo wenye akili.

Dawa ya kwanza ni kusubiri. Mary Budd Rowe alishaonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde 1 tu alafu wanajijibu au wanaita mtu, na wakifikisha sekunde 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu zaidi na wanaojitokeza wanaongezeka. Dawa ya pili ni kuita kwa bahati nasibu, na hapa watu wanagawanyika. Kumwita mtu jina ghafla kabla hajafikiri mi naipinga, kwa mwenye wasiwasi mkubwa kipindi kizima anakuwa anaogopa tu na hasikii hata unachofundisha. Lakini ukiwaambia jadilianeni dakika mbili, baada ya hapo ntachagua kundi kwa kura na mmoja wao atuambie kundi lilisema nini, hapo anayeongea anabeba wazo la kundi na sio la kwake peke yake, woga unashuka sana na sauti zinachanganyika. Na mtu awe na ruhusa ya kusema "nipite" bila maelezo.

Darasa la kugeuza

Yani masomo ya msingi wanafanya nyumbani kwa video au kusoma, darasani ni mazoezi. Inapendwa sana siku hizi na inaonekana ya kisasa. Nguvu yake ni kwamba saa za kuwa na mwalimu zinatumika kwenye vitu vigumu, badala ya kutaja hatua za glaikolisisi, yani seli inavyovunja glukosi kupata nishati, mnakaa kujadili kwanini seli ikikosa oksijeni inakimbilia kutengeneza laktati.

Lakini kabla hujaenda kununua kamera soma hii. Mwaka 2015 Jamie Jensen na wenzake wa Brigham Young walilinganisha darasa la kugeuza na darasa lisilogeuzwa, yote mawili yakiwa na shughuli zile zile za kushirikisha, hii ilikuwa kozi ya bayolojia, na wakakuta matokeo yanafanana. Faida inatokana na ile kushirikisha, kugeuza kwenyewe hakukuongeza cha maana. Kwahiyo kama tayari unafundisha kwa maswali na mazoezi, kurekodi video arobaini ni kujichosha, ila kama kipindi chako kimejaa maelezo mpaka hakuna nafasi ya swali hata moja, basi kuhamisha maelezo nje kutakupa nafasi hiyo.

Na uangalie nani anaumia. Video inataka intaneti, inataka sehemu tulivu, inataka muda ambao mzazi mwenye mtoto mchanga au anayefanya kazi usiku hana. Isipokuwa na maandishi chini, kiziwi yuko nje, na ukisema "kama mnavyoona hapa" bila kutaja kilichopo, asiyeona yuko nje. Mi kati ya video na kurasa za kusoma zenye maswali ya kuongoza nachagua kurasa bila kufikiri mara mbili, kurasa sita za kitabu, maswali matano ya kujibu unaposoma, alafu kwizi fupi ya alama chache kabla ya kipindi. Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill, Sarah Eddy na Kelly Hogan 2014 walichunguza kozi ya bayolojia iliyoongezewa vitu vya namna hii pamoja na shughuli za darasani, wanafunzi wote walifaidika, ila pengo la alama kati ya wanafunzi weusi na weupe lilipungua nusu, na kwa wale wa kwanza kwenye familia kufika chuo pengo lilifungwa. Alama ndogo za kwizi ndo zilizomwambia kila mtu kwamba kusoma kabla ni sehemu ya kozi, kitu ambacho wenye ndugu waliopita chuo walishaambiwa nyumbani.

Vikundi vya kudumu

Huu mtindo Larry Michaelsen aliuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Oklahoma baada ya darasa lake kuwa kubwa ghafla. Unaunda vikundi vya watu watano mpaka saba vinakaa semista nzima, kila mada inaanza na kwizi ya mtu mmoja mmoja, alafu kwizi ile ile kwa kikundi, alafu mnaingia kwenye tatizo moja gumu ambalo vikundi vyote vinalifanya na vinatoa jibu kwa wakati mmoja. Uzuri wake mkubwa, kuna watu wanaokugundua ukikosa kuja. Kwa mgeni wa chuo hilo lina uzito kuliko tunavyodhani, kuwa na watu wanne wanaojua jina lako kwenye ukumbi wa mia tatu.

Ubaya wake nao sio mdogo. Maandalizi ni mengi, ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni unakupinga, na ndani ya kikundi dharau inaweza kujificha usiione. Mwenye sauti kubwa anaamua, msichana anakuwa mwandishi kila siku, mwenye lafudhi tofauti anakatizwa. Kwahiyo kama unaingia huku ingia na masharti yafuatayo, na mi siyalegezi: wewe ndo unaunda vikundi na sio wao wenyewe, maana wakijichagua marafiki wanaenda na marafiki na wageni wanabaki mabaki, mwanafunzi wa kundi la wachache usimtupe peke yake kwenye kila kikundi eti ili kuchanganya, majukumu yanazunguka kila wiki, mwenyekiti, mwandishi, msemaji, mpinzani, na wanapimana kwa siri katikati ya semista, sio mwisho ambapo hamna cha kurekebisha. Kwa asiyesikia vizuri, kelele za vikundi hamsini ni mateso, mpe kikundi chake kona au chumba cha jirani kabla hajakuomba.

Jambo moja la njia hizi tatu zote za kushirikisha, wanafunzi watalalamika mwanzoni. Harvard mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walilinganisha wanafunzi wa fizikia, waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliopata mhadhara mzuri. Akili ikitoka jasho mtu anadhani haelewi. Waambie hivyo wiki ya kwanza kabisa, waonyeshe takwimu, usingoje tathmini ya mwisho wa kozi ndo ushangae.

Na kipimo cha dozi kina maana. Mwaka 2020 Elli Theobald na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakaona kushirikisha kunapunguza pengo kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wengine, kwa 33% kwenye alama za mitihani na 45% kwenye kufaulu kozi, ila pengo lilipungua kwenye madarasa yaliyoshirikisha kwa wingi, theluthi mbili ya muda wa kipindi au zaidi. Swali moja kwa saa halitoshi. Ni mwanzo mzuri ila usije ukapima matokeo yake ukasema njia haifanyi kazi.

Maabara: ya kufuata maelekezo au ya kutafuta?

Hii ntapita haraka kidogo. Maabara ya maelekezo, chukua mililita 5, pasha moto, andika rangi, inafundisha mikono na usalama, na hilo linahitajika. Haifundishi kufikiri, jibu linajulikana na kila mtu anatafuta kulifikia hata kwa kudesa. Maabara ya utafiti ni ile ambayo hata mwalimu hajui jibu. Mfano maarufu ni mpango wa SEA-PHAGES ulioanza 2008 chini ya taasisi ya Howard Hughes ya Marekani pamoja na Graham Hatfull wa Pittsburgh, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanachukua udongo, wanatafuta virusi wanaoshambulia bakteria, wanawapa majina na kusoma jenomu zao. Kwa ujumuishi hii ni kubwa, maana nafasi za kufanya utafiti kwenye maabara ya profesa huwa zinaenda kwa wanaojua kuziomba na wanaoweza kufanya kazi bila malipo, lakini utafiti ukiwa ndani ya kozi kila aliyejisajili anaupata.

Huna bajeti ya jenomu? Chukua prakitiko moja uliyonayo, ya kimeng'enya cha katalesi kwa mfano, ondoa maelekezo nusu. Usiwape joto la kupima, waamue wenyewe wapime nini, cha kulinganishia kiwe nini, warudie mara ngapi, na matokeo yakigombana waeleze. Inatosha kabisa kuanzia. Ila usisahau meza ya urefu wa kiti cha magurudumu, hadubini inayotoa picha kwenye skrini, na njia mbadala kwa asiyeweza kupasua mnyama kwa sababu za imani au dhamiri, na orodha ya kemikali itoke mapema ili mjamzito au mwenye pumu ajue kabla ya kuingia bila kulazimika kujieleza mbele ya watu.

Mtihani mmoja mkubwa au vipimo vingi vidogo

Vidogo vingi, hapa sina hata shaka. Kwanza kujaribiwa kwenyewe kunafundisha, Roediger na Karpicke 2006 waliwapa watu matini wasome, baada ya wiki 1 waliojipima walikumbuka 56% na waliosoma tena walikumbuka 42%, ingawa ukiwapima baada ya dakika 5 tu wanaosoma tena wanaonekana wako mbele. Pili, Sehoya Cotner na Cissy Ballen 2017 walionyesha kwenye kozi za bayolojia kwamba wanawake walikuwa nyuma kwenye mitihani yenye uzito mkubwa, lakini kwenye kazi nyingine za kozi pengo hilo halikuwepo, na kozi zilizochanganya vipimo zilikuwa na usawa zaidi. Mtihani wa 70% unapima bayolojia na unapima pia nani analala vizuri usiku wa kuamkia mtihani.

Kugawa madaraja kwa kushindanisha, yani A ziwe kumi tu, achana nako. Huwezi kumwambia mtu amfundishe jirani darasani alafu umfanye jirani huyo kuwa mpinzani wake kwenye matokeo. Weka viwango, atakayefika amefika. Mtihani wa awamu mbili nao ujaribu, wanafanya peke yao kwanza, wanakusanya, alafu wanaufanya tena kwa vikundi kwa sehemu ndogo ya alama, makosa yanasahihishwa papo hapo kabla hayajaota mizizi. Na maswali yaandikwe kwa sentensi fupi, kama unapima osmosisi pima osmosisi, usipime nani anajua misamiati migumu.

Yaliyomo nayo yanachagua nani abaki

Njia yoyote utakayoshika, mifano yako inasema nani yuko ndani. Ukifundisha seli mundu, kwamba badiliko moja tu linaweka valini mahali pa glutamiki kwenye himoglobini, na kwamba mwenye jeni moja anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kumbuka kwenye ukumbi kuna uwezekano wa mtu anayeishi na ugonjwa huo, usiseme "watu wenye kasoro". Ukifundisha jinsia taja kwamba maumbile yana aina zaidi ya XX na XY za kwenye kitabu. Ukitumia seli za HeLa mtaje Henrietta Lacks na kwamba seli zake zilichukuliwa 1951 bila ridhaa yake. Ukifundisha mageuko kwa watu wa dini sema wazi kwamba wapo wanasayansi wengi wanaoamini Mungu na wanaikubali evolusheni, dakika mbili za kusema hivyo zinawafungulia masikio watu ambao wangekaa wamejifunga wiki sita. Haya hayataki bajeti wala ruhusa ya idara.

Sasa uchague

Una watu mia tatu, ukumbi wa viti vya kudumu na hakuna msaidizi: chukua mhadhara wenye maswali, kadi za herufi, kurasa za kusoma na kwizi ndogo, usijaribu vikundi vya kudumu mwaka wa kwanza wa kubadilika utaelemewa. Una watu hamsini na meza zinazosogea: vikundi vya kudumu vinalipa, hasa kama ni kozi ambayo watu wengi wanapata sapu. Unafundisha fiziolojia au biokemia yenye maelezo mazito: geuza zile mada tatu nne nzito tu, sio kozi nzima, na kwa maandishi kabla ya video. Una kozi ya mbele yenye watu ishirini: maabara ya utafiti ichukue nafasi ya nusu ya vipindi. Na kama umeambiwa silabasi haiguswi kabisa na muda hakuna, mhadhara wako ubaki, ila weka vituo viwili vya maswali kila saa, vunja mtihani mkubwa kuwa testi nne, na semista inayofuata ongeza kituo cha tatu.

Wanaoanza kabisa huwa nawaambia waanze na mada moja ambayo kila mwaka watu wanafeli, mara nyingi ni meiosisi au usafirishaji kwenye utando wa seli. Tengeneza maswali matatu ya machaguo kwa makosa halisi ya wanafunzi wako, yapime, alafu kwenye mtihani weka swali la mada hiyo linalofanana na la mwaka jana ili uone limebadilika kiasi gani, na usiangalie wastani peke yake, angalia waliokuwa robo ya chini wamesogea au wamebaki pale pale.